Samuel Ajayi Crowther: Kijana Aliyeanza na Mwamba



Kamati ya jarida iliniomba niandike ukurasa wa vijana katika toleo hili la maadhimisho, nami nikakubali haraka kwa sababu nina deni. Kwenye kambi ya vijana ya mwaka jana, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula cha jioni, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama wokovu wa mtu wa miaka 16 unadumu kweli, ama ni moto wa mabua tu: kambi ikiisha, shule ikifunguliwa, umezimika. Halafu akaongeza swali la pili, kwa sauti ya chini zaidi. Aliuliza itakuwaje ikiwa watakaomuumiza ni watu wa kanisani wenyewe.

Nilimjibu kwa maandiko, kama tulivyozoea. Aliitikia kwa adabu, lakini niliona kabisa hajashiba. Nikaja kuelewa baadaye kwamba hakutaka mstari, alitaka mtu. Yaani mtu aliyeanza akiwa na umri kama wake, akaishi mpaka uzee, akapigwa na mawimbi hayo yote mawili, tuone kama nyumba ilisimama au ilianguka. Basi leo nalipa deni. Mtu mwenyewe ni Ajayi, mtoto wa Osogun, ambaye dunia inamjua kwa jina la Askofu Samuel Ajayi Crowther.

Mtanisamehe kwamba hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana, na alifariki kama miaka 15 kabla ya uamsho wa Azusa Street kule Los Angeles mwaka 1906. Wengine wetu huwa tunasimulia kana kwamba Roho Mtakatifu alianza kazi siku kanisa letu lilipopata cheti cha usajili. Tuendelee.

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ndani ya Naijeria ya leo. Jina la Ajayi, Wayoruba humpa mtoto aliyezaliwa kifudifudi, uso ukitazama chini. Ukoo wa baba yake ulijulikana kwa kufuma nguo. Mama yake aliitwa Afala. Alikuwa mtoto wa kutumwa shambani na kurudi na kuni.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, akiwa na miaka kama 12 au 13, chakula cha asubuhi kikiwa bado kinaandaliwa, mji ukavamiwa na watekaji wa watumwa. Wanaume walikimbilia kwenye boma kupigana. Baba yake alikuja nyumbani mara moja tu, kuwaambia wakimbie, akarudi vitani. Ajayi hakumwona tena. Yeye na mama yake na dada zake walijaribu kupenya vichakani, wakanaswa kwa kamba za shingoni, wakafungwa pamoja kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Walipogeuka nyuma waliona moshi. Osogun ilikuwa inaungua.

Hawakukaa pamoja muda mrefu. Watekaji waligawana watu kama wanavyogawana mzigo, mama akaenda huku na mtoto kule. Ajayi alibadilishwa na farasi. Hebu fikiri hapo, mdogo wangu: wewe unapimwa na farasi. Tena baada ya muda biashara ikavunjwa, mtoto akarudishwa kama kiatu kisichotosha. Baadaye akauzwa tena, na tena, safari nyingine kwa tumbaku na pombe kali. Kila mnunuzi alimsogeza karibu zaidi na pwani, na kila mtoto wa nchi ile alijua pwani maana yake nini. Ni Wareno, na meli, na bahari ambayo hakuna aliyewahi kurudi kutoka ng'ambo yake.

Katika miezi hiyo Ajayi alitamani kufa. Mwenyewe alikuja kuyaeleza alipokuwa mtu mzima, wala hakuona haya kusema kwamba usiku alikuwa akiwaza kujitoa uhai, akakosa ujasiri. Jambo hili nimeliweka makusudi, ingawa najua wazee wengine wangependa nilipite. Kwenye ushirika wetu wapo vijana waliowahi kuwaza hivyo wakiwa kitandani, na siku ya Jumapili wanapiga makofi kama sisi sote. Kama ni wewe, usiombe peke yako. Mwendee mama mchungaji, mwendee mwalimu, mwamshe hata mzazi usiku. Yule kijana wa Osogun aliyeona hakuna kesho aliishi miaka 70 zaidi.

Kule Lagos wavulana walifungwa mnyororo mmoja na watu wazima. Mtu mzima akijigeuza usingizini, mnyororo unavuta shingo za watoto. Mwezi wa Aprili 1822 wakapakiwa, watu 187, kwenye meli ya Kireno. Jioni ya tarehe 7 Aprili, meli hiyo ikakamatwa na meli za kivita za Uingereza. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na meli zake sasa zilizunguka pwani ya Afrika Magharibi kuwawinda wafanyabiashara hao. (Kwamba kabla ya hapo Waingereza wenyewe walisafirisha watumwa wengi mno, hilo tusilisahau wala tusilifiche.)

Sasa sikilizeni kisa hiki, nakipenda sana. Ajayi na wavulana wenzake walihamishiwa kwenye meli ya kivita iliyoitwa Myrmidon. Wakatazama juu, wakaona mapande ya nyama yametundikwa. Wakatazama chini, wakaona vitu vyeusi vya mviringo vimepangwa kwa safu. Wakajua yamekwisha: nyama ni ya wenzao, na vile vya mviringo ni vichwa. Ikabidi wajongee polepole na kuchunguza ndipo wakagundua kwamba nyama ni ya nguruwe, kwato bado zipo, na vile vichwa ni risasi za chuma za mizinga. Kumbe walikuwa mikononi mwa waokoaji na bado wanatetemeka! Nimewaona watoto wa aina hii. Wameumizwa sana kiasi kwamba hata anayekuja kuwasaidia wanamwona ni mtekaji mwingine. Ukiwa kiongozi wa vijana, usikasirike wakikuchunguza kwanza.

Tarehe 17 Juni 1822 wakateremshwa Sierra Leone. Hapo Waingereza waliwashusha watu waliookolewa melini, na wamisionari wa CMS walifundisha shule vijijini. Wasomaji wetu wa Mombasa watakumbuka Freretown. Miaka 50 baadaye CMS hao hao walianzisha pale kijiji cha watumwa waliookolewa kwenye majahazi, na kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Ni hadithi moja, bahari mbili.

Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst, nje ya Freetown. Hakuwa na baba wala mama, wala ukoo, wala shamba, na watu wa kuongea naye Kiyoruba aliwapata miongoni mwa walioporwa kama yeye. Husimuliwa kwamba alipoona wenzake wanajifunza herufi, alikimbia kuomba nusu peni kwa mtu wa kwao, akajinunulia kadi ya alfabeti. Ndani ya miezi 6 alikuwa anasoma Agano Jipya. Miezi 6! Pia alifundishwa useremala na mmisionari aitwaye Weeks, na mke wa Weeks akamfundisha kusoma. Katika shule hiyo alikuwemo msichana mmoja aliyeitwa Asano, naye ameokolewa utumwani. Wakumbukeni hao wawili, Mama Weeks na Asano, tutawaona tena mbele.

Nafika mahali ambapo ndipo penye uzito wa habari yote. Mtu anaweza kusema, ah, huyo mtoto angefanya nini? Amepoteza kila kitu, anapewa chakula na wamisionari, lazima ataikubali dini yao. Ni swali la haki, na Ajayi mwenyewe alilijibu kwa namna fulani, kwa sababu hakubatizwa aliposhuka melini. Ilipita zaidi ya miaka 3. Alikuja kueleza kwamba kwa muda huo alijiona huru, kwa kuwa mnyororo wa Mreno haupo shingoni, mpaka alipogundua kwamba kuna utumwa mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza, na kwamba meli ya kivita haiwezi kumtoa humo. Ni utumwa wa dhambi, alivyouita. Kwa hiyo alijua tofauti kati ya kusaidiwa na Wakristo na kumwamini Kristo. Wapo watu wazima makanisani mwetu ambao tofauti hiyo haijawaingia hadi leo. Wamesaidiwa karo, wamesaidiwa mahari, wamepata mchumba kwaya, na wanadhani ndio wokovu.

Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akiwa na miaka kama 16. Akachukua jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa la mchungaji mmoja wa London. Lakini Ajayi hakulitupa.

Hapo ndipo msingi ulipowekwa. Yeyote aliyesoma Shule ya Jumapili anaukumbuka ule mfano wa nyumba mbili, ya mwamba na ya mchanga. Tunachokisahau ni kwamba msingi si nyumba. Kijana anaokoka Jumamosi kambini, Jumatatu anadhani amemaliza kujenga. Crowther alipobatizwa ndipo alipoanza kubeba mawe. Mwaka 1826 alipelekwa Uingereza akasoma kwa muda kwenye shule ya parokia huko Islington. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Chuo cha Fourah Bay, pale Freetown. Akawa mwalimu. Akasoma Kilatini na Kigiriki, akasoma Kitemne kwa sababu ndiyo lugha ya wenyeji wa Sierra Leone, na baadaye Kihausa. Nalitaja hili kwa wale wa kwetu wanaokesha kwenye maombi usiku kucha halafu hisabati wanaandika jina tu. Kukesha ni kuzuri. Crowther aliomba, na alisoma.

Akamwoa Asano, ambaye sasa aliitwa Susan. Watoto wawili waliouzwa wakajenga nyumba ya Kikristo, wakaishi pamoja zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli kupanda mto Niger. Crowther akaenda kama mkalimani na mhubiri. Homa iliwaua Wazungu wengi mno katika safari ile. Ikaonekana wazi kwamba kama Injili itafika ndani ya nchi ile, itapelekwa na Waafrika. Wakuu wa CMS wakamwita London, wakampa mafunzo, akapewa daraja la uchungaji mwaka 1843. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha msamiati wa Kiyoruba. Kwa kulinganisha tu, Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844 kuanza kazi yake na Kiswahili, lakini Krapf alikuwa Mjerumani anayejifunza lugha ya watu. Crowther alikuwa mtoto wa lugha anayerudi nyumbani.

Na kurudi alirudi kweli. Mwaka 1846 yeye na wamisionari wenzake walifika Abeokuta, mji mpya uliojengwa na watu waliokimbia vita vile vile vilivyoiteketeza Osogun. Hakuenda kutafuta ndugu, alijua wamekufa au wametawanyika. Lakini habari husafiri. Wiki chache tu baada ya kufika, tarehe 21 Agosti, mwanamke mzee akaletwa mlangoni kwake. Alikuwa Afala, mama yake.

Ilikuwa imepita miaka 25. Walishikana mikono, wakatazamana, wakatetemeka, na hakuna aliyeweza kusema neno. Mama alimshika, akamtazama, akamwita kwa majina ya utotoni. Katika miaka hiyo yeye naye alikuwa ametekwa tena na kukombolewa kwa fedha na watoto wake. Alikuwa amekwisha kumlilia Ajayi kama mfu.

Kilichofuata ni funzo kwa kijana aliyeokoka kwenye nyumba isiyookoka. Crowther hakumbatiza mama yake kesho yake. Alikaa naye. Mama alikuwa ameishi maisha yake yote katika dini ya mababu, na mwanawe, mchungaji msomi mwenye koti jeusi, hakumkemea wala kumwaibisha mbele za watu. Alimsimulia. Akamsomea maandiko kwa Kiyoruba, kwa sababu tayari alikuwa anayatafsiri. Mwanzoni mwa mwaka 1848 mama akabatizwa mwenyewe kwa hiari yake, miongoni mwa wa kwanza Abeokuta, akaitwa Hana. Sijui kama Mungu ana ucheshi, lakini mama yake Samweli kuitwa Hana, mimi huwa nacheka kwa furaha kila nikifika hapo.

Hiyo tafsiri ya Biblia ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, na inafaa kusema aliifanyaje. Hakukaa chumbani na kamusi. Alikaa na wazee, akasikiliza methali, akasikiliza watu wakibishana sokoni, akaandika neno ambalo mtu angelitumia hasa badala ya neno ambalo mmisionari angelipenda. Kiyoruba ni lugha ya mlio wa kupanda na kushuka, ukikosea mlio umesema kitu kingine kabisa, na kuyaweka hayo kwenye karatasi si mchezo. Vitabu vilitoka kimoja kimoja, na Biblia nzima ya Kiyoruba ikakamilika miaka ya 1880, yeye akiwa mzee. Alisimamia pia kitabu cha kwanza cha kusomea Kiigbo, mwaka 1857, na akaandika kuhusu lugha ya Kinupe. Kwa ushirika kama wetu, ambao ibada moja ina wakalimani watatu, tungemheshimu kwa hilo peke yake.

Safari zake nitazipita haraka, ni nyingi mno. Mwaka 1851 alikaribishwa na Malkia Victoria, akamsomea Sala ya Bwana kwa Kiyoruba. Mwaka 1857 meli aliyosafiria, Dayspring, ilivunjika kwenye miamba ya Niger. Mwaka huo huo kazi ya Onitsha ilianza. Mwaka 1867, akiwa tayari askofu, chifu mmoja wa kando ya mto alimkamata akidai fidia. Yaani alitekwa utotoni na akatekwa tena uzeeni. Alitoka salama, ila ofisa mmoja Mwingereza aliyekwenda kumtoa aliuawa.

Uaskofu wenyewe ulikuwa tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu wa Kianglikana. Watu walijaa kanisa lote. Ndani ya umati huo aliketi mzee mmoja wa jeshi la majini, Admirali Leeke. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Myrmidon mwaka 1822, siku ile watoto wanaangalia nyama ya nguruwe kwa hofu. Na alikuwepo Mama Weeks, sasa mjane, aliyemfundisha herufi. Walimu wa Shule ya Jumapili mnaodharauliwa kwenye ratiba, mnaopewa chumba chenye paa linalovuja: someni aya hii mara mbili.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimeandika habari nzuri ya ushindi, watu wangepiga vigelegele. Lakini swali la pili la yule kijana lingebaki.

Eneo la Askofu Crowther lilikuwa kubwa ajabu, maili mamia za mto, na hakuwa na usafiri wake wa uhakika kwa miaka mingi. Aliendesha kazi yote na wahudumu Waafrika. Wengi walikuwa waaminifu. Baadhi walianguka, katika fedha, katika biashara, katika mwenendo, na yeye kwa tabia alikuwa mpole, mwepesi wa kumpa mtu nafasi nyingine. Sitaficha kwamba wapo waliostahili kuondolewa mapema kuliko alivyowaondoa. Lakini wakati huo London pia ilikuwa imebadilika. Henry Venn, katibu wa CMS aliyeamini kwamba kanisa la Afrika lazima lijitegemee na kujiongoza, alikuwa amefariki mwaka 1873. Wakaja watu wengine wenye mawazo mengine, na ulikuwa wakati ambapo Ulaya inagawana Afrika.

Karibu na mwaka 1890 wakafika vijana Wazungu, Brooke na Robinson. Hapa naomba tusome taratibu, kwa sababu hawa hawakuwa watu vuguvugu. Walikuwa wanawaka moto. Walihubiri utakatifu, walihubiri kujazwa na Roho, waliacha starehe zao, walivaa na kula kama wenyeji. Wangekuja kwenye mkutano wetu tungewapa kipaza sauti usiku wa kwanza. Na hao ndio waliochunguza kazi ya mzee wa miaka 80, wakaona kila kitu kimeoza, wakahukumu wahudumu wake kwa jumla. Agosti 1890, kwenye kikao cha Onitsha, wachungaji wake walisimamishwa mbele ya macho yake, na mwanawe Dandeson, aliyekuwa shemasi mkuu, naye akaguswa. Mmoja wa wale waliomhoji hakuwa amefikisha hata miaka 30. Crowther alikuwa askofu tangu kijana huyo hajazaliwa.

Mzee alijiuzulu kwenye kamati ile.

Nimejiuliza mara nyingi, ningefanya nini mimi? Najua tunavyofanya kwetu. Mtu akiguswa kidogo kwenye kikao cha wazee, Jumapili inayofuata amehama na viti vya plastiki na nusu ya kwaya, na jina la kanisa jipya limeshaandikwa ukutani. Au anaacha kabisa, anasema Wakristo ni wanafiki, na watoto wake wanakua bila kujua hata kuomba chakula. Crowther alikuwa na sababu nzuri kuliko wengi wetu. Ameuzwa na Waafrika wenzake, sasa anadhalilishwa na Wakristo wenzake. Wapo watu Lagos, wenye hasira ya haki kwa niaba yake, waliomtaka avunje kabisa uhusiano.

Yeye alisema ukweli waziwazi kwamba wahudumu wake wamehukumiwa bila kusikilizwa. Hakujifanya hakuumia. Halafu akarudi kazini. Akiwa na zaidi ya miaka 80 alianza kupanga namna makanisa ya delta ya Niger yatakavyojitegemea kwa sadaka zao wenyewe, chini ya wachungaji wao wenyewe, bila kutoka katika kanisa la Kristo na bila kuomba fedha London. Katikati ya mwaka 1891 alipata kiharusi. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, mkesha wa mwaka mpya. Makanisa ya delta yalianza kujiendesha mwaka uliofuata, wa 1892, na aliyeyasimamia ni Dandeson. Robinson alikuwa ametangulia kufa mwaka 1891, na Brooke akafa mwaka 1892, wote kwa ugonjwa na wote bado vijana. Sifurahii kuliandika hilo. Walikuwa na moto, na hawakupata muda wa kupata hekima.

Nafasi ya Crowther ikapewa Mzungu. Ilibidi ifike tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili tangu siku ile ya Canterbury, ndipo Askofu Mkuu Justin Welby aliposimama katika kanisa lile lile kwenye ibada ya shukrani kwa ajili yake, na kuomba radhi kwa jinsi kanisa lilivyomtendea. Jumapili hiyo hiyo, kama Jumapili nyingine zote, mamilioni ya Wayoruba walifungua Biblia katika lugha aliyoimbiwa na Afala kule Osogun.

Yule kijana wa kambini sasa yuko kidato cha tatu. Nakala yake ya jarida nimemwekea.